Dawa Hii Iandikwe Kwenye Kadi

Ndugu zangu wa Arusha mjini, na ninyi mnaoishi kwenye miteremko ya Mlima Meru kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River, bila kuwasahau wa Ngarenanyuki kule upande wa pili wa mlima: nina ombi moja. Mama mjamzito asianze wala asiache dawa ya jamii ya steroidi kwa uamuzi wake peke yake, wala kwa ushauri wa jirani, wala wa wifi. Na jina la dawa hiyo, iwe kidonge, sindano, pampu ya pumu au mkorogo wa kopo, liandikwe kwenye kadi yake ya kliniki mapema kabisa.

Neno steroidi huenda likawa geni masikioni mwa wengi, lakini dawa zenyewe tunaishi nazo. Prednisoloni anapewa mwenye pumu, mwenye baridi yabisi, mwenye lupasi, mwenye aleji iliyogoma. Deksamethasoni, ambayo wengi wanaikata na kuiita deksa, wapo wasichana wanaoinunua ili wanenepe na kujaza nyonga. Klobetasoli imo kwenye krimu nyingi za kung'arisha ngozi. Haidrokotisoni wanaijua zaidi manesi wa chumba cha dharura. Zote zinaiga kotisoli, homoni ambayo mwili unaitengeneza wenyewe usiku na mchana bila sisi kuwa na habari.

Simama kidogo kwenye duka la dawa la mtaani saa za jioni, watu wanaposhuka kwenye daladala. Mteja anaeleza kifua kinabana, au anasema tu, "Nipe vile vya siku ile." Muuzaji anachukua mkasi, anakata shiti la vidonge, anatia vidonge kumi kwenye kibahasha cha karatasi na kuandika juu yake 1x3. Basi. Jina la dawa limebaki kwenye kipande cha shiti kilichorudi kwenye boksi. Mteja anafika nyumbani akijua kwamba ni vidonge vidogo, vyeupe, vichungu, na kwamba vinamsaidia. Miezi sita baadaye yuko kwenye benchi la kliniki ana mimba changa, nesi anamuuliza kama kuna dawa yoyote anayotumia. Atajibu nini? Anasema hakuna. Hadanganyi, kwa sababu hicho kibahasha hakikumwambia kitu.

Kwa hiyo ninyi wauza dawa ndio wa kwanza kuwaomba. Prednisoloni na deksamethasoni ni dawa za cheti. Maduka ya dawa muhimu yalianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili mtu wa kijijini apate dawa bora karibu naye, mikononi mwa muuzaji aliyepata mafunzo, badala ya lile duka la dawa baridi la zamani. Mafunzo hayo ndiyo heshima yenu. Mwanamke akija na cheti, andikeni jina la dawa na miligramu zake kwenye bahasha kwa herufi zinazosomeka, kisha mwulizeni kama ni mjamzito. Akija bila cheti, mwelekezeni Kaloleni, Levolosi, Ngarenaro au kituo kilicho karibu naye. Najua jirani yako atamuuzia. Hilo ni la jirani yako.

Sasa niseme kwa nini dawa hizi hazichezewi. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Tezi hizo mbili ndizo zinazotoa kotisoli, homoni inayozuia presha isianguke na sukari isishuke, na inayoubeba mwili unapopata homa, jeraha au uchungu wa kuzaa. Wakulima wa Poli na Nkoaranga watanielewa nikisema hivi: ukimwagilia kwa maji ya mfereji wa jirani miezi na miezi, mfereji wako unajaa tope na majani. Siku jirani akifunga maji yake ghafla, huwezi kufungua wako ukamwagilia asubuhi hiyo hiyo. Tezi zikiona kotisoli ya dukani inaingia kila siku, zinaacha kazi. Madaktari huanza kuwa waangalifu kwa mtu mzima aliyetumia prednisoloni ya miligramu 5 au zaidi kila siku kwa wiki nne au zaidi. Akiikatisha leo, tezi zake zinaweza kuchukua wiki, hata miezi, kurudi kazini. Katikati hapo akipata malaria, nimonia au UTI kali, presha inaporomoka, anatapika, anachanganyikiwa, na anaweza kupoteza maisha wakati watu wa nyumbani wanadhani ni uchovu wa mimba.

Mimba nayo inadai zaidi. Kotisoli ya mama mwenye afya njema hupanda taratibu hadi miezi ya mwisho ikawa mara mbili au tatu ya ile ya kawaida. Mwenye tezi zilizolala au zilizoharibika hana pa kuitoa nyongeza hiyo, ndiyo maana daktari wake anaweza kumwongezea dozi katika miezi mitatu ya mwisho. Angalia basi kinachotokea nyumbani kwetu. Kipimo kinaonyesha mistari miwili, na ushauri wa kwanza anaopewa mama, tena kwa mapenzi kabisa, ni: "Acha hayo madawa, utamuumiza mtoto." Wakati ule ambapo mwili unahitaji zaidi, ndipo tunapoukatia.

Hofu ya kumdhuru mtoto ina haki yake, na jibu lake ni zuri kuliko wengi wanavyodhani. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachoigeuza kotisoli ya mama kuwa kotisoni isiyo na nguvu kabla haijamfikia mtoto. Kimeng'enya hicho hicho huishughulikia haidrokotisoni na prednisoloni, hata prednisoloni inayomfikia mtoto ikawa karibu sehemu moja tu ya kumi ya ile iliyo kwenye damu ya mama. Ndiyo maana daktari akitaka kumtibu mama mwenyewe huchagua hizi mbili. Deksamethasoni na betamethasoni ni habari nyingine: zinapita kondo zikiwa na nguvu zake karibu zote. Kwa hiyo mjamzito anayemeza deksa ili anenepe anamnywesha na mtoto. Prednisoloni nayo ina gharama zake. Inaweza kupandisha sukari na presha ya mama, na ndiyo sababu mama huyu apimwe sukari na presha kila anapohudhuria, asiruke mahudhurio hata moja.

Wenye pumu nawatenga kidogo, kwa sababu mji wetu Juni na Julai si mji wa kuwahurumia. Ukungu unashuka asubuhi hadi Sanawari na Ilboru, moshi wa kuni na mkaa umejaa jikoni, na kifua kinabana. Pampu yenye steroidi inapeleka dawa kidogo sana kwenye damu. Pumu isiyodhibitiwa inamnyima mtoto hewa. Mama mkwe anayeificha pampu chini ya godoro kwa nia njema anamsogeza mjukuu wake kwenye hatari kubwa kuliko anayoikimbia. Samahani, mama, lakini irudishe.

Habari ya kuacha dawa ghafla mkoa wetu unaijua vizuri. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu. Kikombe kimoja cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti wa mugariga kilikuwa shilingi 500. Arusha ndiyo iliyokuwa mlango wa safari hiyo. Nyumba za wageni zilijaa, na landrova zilikodishwa kwa bei ya kuruka. Simlaumu mtu aliyekwenda, kwa kuwa mgonjwa anapotafuta nafuu hatazami umbali, na Babu mwenyewe alishafariki Julai 2021. Linaloniuma ni wale waliorudi nyumbani wakaweka kando vidonge vya kisukari, vya presha na vya kupunguza makali ya virusi, huku madaktari wakiwasihi wasiviache. Kikombe cha namna hiyo hakikuisha mwaka ule. Leo kinakuja kwa sura ya klipu ya simu inayosema "safisha mwili kabla ya kujifungua", au chupa ya mitishamba isiyo na lebo iliyosifiwa na mtu aliyeaminika. Ukitaka kunywa supu yenye mizizi, mwambie mkunga. Vidonge vyako usiviguse.

Nimefika kwenye mkorogo, na hapa nitakaa, kwa sababu ndiyo steroidi ambayo hakuna mtu anayeihesabu kuwa dawa. Anayechanganya anakamua mirija kadhaa ya krimu zenye klobetasoli ndani ya kopo la losheni, anaongeza vimiminika viwili vitatu anavyovijua yeye, anatikisa, anauza. Mama anajipaka mwili mzima, asubuhi na usiku, kwa miaka. Klobetasoli ni miongoni mwa steroidi za kupaka zenye nguvu kuliko zote. Daktari wa ngozi huitoa kwa sehemu ndogo na kwa siku za kuhesabu. Ikipakwa mwili mzima inaingia kwenye damu na kuzilaza tezi sawasawa na kidonge. Huko Dakar, Senegal, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2007 waliwafuatilia wajawazito, na wengi wao walikuwa wakijichubua wakiwa na mimba. Waliotumia krimu kali za steroidi walikutwa na kotisoli ya chini kwenye damu, kondo dogo, na watoto wenye uzito pungufu zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2013 utafiti mwingine uliotumia taarifa za wajawazito wa Uingereza nao ulihusisha uzito pungufu na krimu hizi kali zikizidi gramu 300 kwa mimba nzima. Anayejipaka mwili mzima kila siku hafiki mbali kabla ya kuzimaliza gramu hizo. Bado hatujataja zebaki na haidrokwinoni, ambazo pamoja na steroidi zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini mwetu.

Hata hivyo simwambii mama mjamzito alitupe kopo leo usiku. Aliyetumia kidogo na kwa muda mfupi ataacha bila shida. Aliyejipaka mwili mzima kwa miaka anaweza kupata matatizo yale yale ya mtu aliyekatisha prednisoloni, juu ya ngozi inayowaka na kuwasha. Aende kliniki na kopo lake mkononi, lionekane. Daktari ataamua kama apimwe kotisoli na kama apewe kidonge kinachoshushwa polepole huku mkorogo ukikoma. Na nesi mpendwa, siku hiyo mwanamke huyu amekuja na aibu yake mkobani. Ukimchamba mbele ya foleni, hatarudi, na wenzake kumi waliosikia hawatasema lao kamwe. Uliza wote swali moja, kwa sauti ile ile unayoulizia tarehe ya hedhi ya mwisho: unameza, unavuta au unajipaka nini?

Lipo tukio moja ambapo deksamethasoni hutolewa makusudi ili imfikie mtoto, na ni vizuri familia zikalijua zisije zikaigomea. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko New Zealand, daktari Graham Liggins aligundua kwamba wanakondoo waliopata deksamethasoni tumboni walizaliwa njiti lakini wakapumua, jambo ambalo hakulitegemea. Mwaka 1972 yeye na mwenzake Ross Howie wakachapisha matokeo kwa binadamu. Hiyo ndiyo asili ya sindano ya kukomaza mapafu, ambayo kawaida hutolewa mara nne, saa kumi na mbili kati ya moja na nyingine, kwa mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati.

Lakini dawa hiyo hiyo ilikuja na onyo. Utafiti mkubwa wa 2015 uliofanyika katika nchi sita, Kenya ikiwemo, ulijaribu kuisambaza hadi vituo vya chini. Wengi waliochomwa hawakuzaa njiti, na kwa ujumla vifo vya watoto wachanga vikapanda badala ya kushuka. Mwaka 2020 yakachapishwa matokeo ya majaribio mengine, Kenya ikiwemo tena, yaliyofanyika hospitalini ambako umri wa mimba ulipimwa kwa ultrasaundi na mtoto akapata huduma alipozaliwa. Humo vifo vilikuwa asilimia 19.6 kwa watoto waliopata deksamethasoni, na 23.5 kwa ambao hawakupata. Kilichobadilika ni umri wa mimba kujulikana na wodi kuwa tayari. Hili liwe jibu kwa anayetaka kumletea mke wake sindano ya mapafu nyumbani kwa kuwa "jirani alichomwa". Na liwe sababu ya kwenda kliniki mapema, mimba ikiwa ya wiki chache, wakati tarehe bado zinapimika vizuri.

Kuna kundi dogo ambalo tezi zao hazikulazwa na dawa. Zimeharibiwa na ugonjwa. Thomas Addison aliueleza ugonjwa huo London mwaka 1855, na kati ya wagonjwa wake walikuwemo wenye kifua kikuu kilichotafuna tezi hizo. Ulaya wameshalisahau hilo kwa kiasi kikubwa. Sisi hatuna ruhusa ya kulisahau, tukiwa na machimbo ya Mirerani jirani, ambako kifua kikuu kimewasumbua wachimbaji na familia zao kwa miaka mingi, na Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, inayotibu ugonjwa huo tangu miaka ya 1920. Dalili za tezi kuharibika zinajificha ndani ya mimba: kichefuchefu, kizunguzungu unaposimama, uchovu, kupungua uzito. Mama anatamani chumvi, anailamba kiganjani, watu wanacheka kwamba mwenzake anakula udongo, yeye chumvi.

Weusi wa ngozi unaokuja na ugonjwa huu ni mgumu kuuona kwetu sisi tuliozaliwa weusi. Mkunga amsogeze mama dirishani, amwombe afungue viganja, atazame mistari ya kiganja. Kisha atazame fizi na makovu mapya. Kama vimeingia weusi ambao haukuwepo, na kutapika kumevuka mwezi wa nne huku presha iko chini, amwandikie rufaa kwenda Hospitali ya Mount Meru, na wao wakiona inafaa watampeleka hospitali ya KCMC, Moshi. Wanaotumia dawa za kifua kikuu wajue pia kwamba rifampisini huifanya prednisoloni iishe mwilini haraka, hivyo dozi iliyotosha jana huenda isitoshe leo. Daktari wa kifua kikuu na mkunga wasomane kwenye kadi moja.

Siku ya uchungu ndiyo siku ya hatari kuliko zote kwa mama mwenye tezi zilizolala au zilizoharibika. Mwongozo unaotumika sehemu nyingi ni kumpa haidrokotisoni ya sindano miligramu 100 uchungu unapoanza, na kuendelea kumpa kwa saa zinazofuata hadi ajifungue. Vivyo hivyo akipasuliwa. Dawa hiyo si ya ajabu. Lakini nesi wa zamu ya usiku hawezi kuichota kwa mama ambaye kadi yake haisemi kitu. Ndiyo maana nimeng'ang'ania kadi. Iandikwe kwa kalamu nyekundu, ukurasa wa mbele: anatumia steroidi, jina, dozi, tangu lini, asikatishiwe.

Baba wa mtoto, na wewe nina kazi yako, na haihitaji ujuzi. Piga picha ukurasa huo uwe nao kwenye simu. Hakikisha vidonge haviishi mwisho wa mwezi hela ikiwa imekata; kwa mwenye tezi zilizoharibika hivi si vya kusubiri mshahara. Muulizeni daktari mapema, pamoja, mama afanye nini akipata homa, kwa kuwa mara nyingi dozi huongezwa maradufu kwa siku hizo, na maelekezo hayo yaandikwe. Akiwa anatapika na vidonge havikai tumboni, huo si ugonjwa wa kulazwa sebuleni mpaka asubuhi. Anahitaji sindano. Ukiwa Ngarenanyuki au Oldonyo Sambu usiku na huna gari, piga 115, namba ya bure ya m-mama, inayowatafutia usafiri wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wakiwa kwenye dharura.

Akishajifungua, jamaa watakuja na mtori na pongezi, na mtu mmoja hakosi atakayesema sasa mama ananyonyesha, vidonge viishe. Prednisoloni inayoingia kwenye maziwa kwa dozi za kawaida ni kidogo sana, anaweza kunyonyesha. Dozi iliyoongezwa wakati wa uchungu itashushwa na daktari kwa hatua, siku baada ya siku, na kwa aliyelazwa tezi na mkorogo au deksa safari ya kuachana navyo inaweza kuchukua miezi. Kadi ya kliniki isitupwe mtoto akizaliwa. Mama aende nayo kwenye mahudhurio ya baada ya kujifungua, aonyeshe ule mstari mwekundu, na aulize dozi ya wiki inayofuata ni ngapi.